UZI: Pasipoti ni haki yako, lakini usiingoje wiki ya safari

1/ Kila msimu wa siasa, pasipoti hurudi mezani. Mmoja anasema serikali inatesa vijana, mwingine anamjibu kwamba Wakenya ni watu wa dakika ya mwisho. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na mwaka jana nilikosa safari kwa sababu ya herufi moja. Twende pole pole.

2/ Nianze na yangu. Nilialikwa kongamano la wanafunzi Addis Ababa. Mkenya haitaji viza kuingia Ethiopia, kwa hivyo nikajiambia hii ni rahisi. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Siku ya kupigwa picha na kutoa alama za vidole ndio ikaonekana jina la baba kwa cheti changu cha kuzaliwa lina "h" ambayo haiko kwa kitambulisho.

3/ Kosa lilikuwa langu. Hicho cheti kimekaa kabatini miaka yote na sikuwahi kukilinganisha na kitambulisho. Kurekebisha kukataka hati ya kiapo na kwenda-rudi kwingi. Kongamano likaisha niko nyumbani, naangalia picha za wenzangu kwa WhatsApp.

4/ Sasa turudi kwa mjadala. Dai la kwanza: "Pasipoti ni ya serikali, si yako." Ni nusu ya ukweli. Kile kitabu ni mali ya serikali, sawa. Lakini Kifungu cha 12 cha Katiba ya 2010 kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya. Unaweza kunyimwa au kunyang'anywa kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa na Bunge tu, si kwa sababu mkubwa fulani amekukasirikia.

5/ Dai la pili: "Wanaolalamika walichelewa wenyewe." Kwangu ni kweli. Kwa wote, hapana. Mwaka 2023 serikali yenyewe ilikiri kwamba mashine za kuchapisha zilikuwa zimeharibika na maombi yamerundikana. Hapo hata aliyeomba mapema alingoja. Lakini tuseme yote: kuna pasipoti nyingi pia zilizokuwa tayari, zikakaa tu ofisini bila wenyewe kuzichukua.

6/ Kifungu cha 47 nacho kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka na kwa haki. Kwa hivyo ombi likikwama miezi bila maelezo, hiyo si bahati mbaya yako tu. Uliza kwa maandishi, weka nakala. Ukipuuzwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman.

7/ Dai la tatu: bei. Pasipoti ya kurasa 34 ilikuwa shilingi 4,550, halafu mwaka 2024 ikapanda hadi 7,500. Wanaotetea wanasema gharama zimepanda. Wanaopinga wanasema haki haifai kuwa ya wenye nacho. Swali langu kwa yeyote atakayeshika maikrofoni: hiyo 2,950 ya juu imepunguza siku ngapi za kungoja? Aje na tarakimu, tutamsikiza.

8/ Dai la nne, tamu kuliko yote: "Tutawapeleka vijana kazi ng'ambo." Sawa. Lakini pasipoti huanza na kitambulisho. Kuna jamii za mpakani, na Wanubi pia, ambako kijana alikuwa akiitwa mbele ya kamati kuthibitisha kwamba ni Mkenya ndio apate kitambulisho. Mwenzake wa mtaa mwingine hajawahi kuulizwa swali hilo. Ukiahidiwa kazi Ghuba, uliza pia huyu kijana atafikaje huko.

9/ Na nani anafaidika na haya yote? Broka. Mteja wake ni mtu mwenye tiketi ya Ijumaa na hana pasipoti Jumatatu. Huyo atatoa kitu kidogo, na saa zingine kikubwa, na akitapeliwa hana pa kushtaki. Mtu aliye na miezi sita mkononi anaweza kumwambia broka hapana. Ndio maana nasema kujitayarisha mapema si tabia nzuri tu, ni njia ya kukata ufisadi mguu mmoja.

10/ Basi fanya hivi, hata kama huna safari. Leo jioni toa kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Linganisha majina herufi kwa herufi, na tarehe pia. Kukiwa na tofauti, anza kuirekebisha sasa.

11/ Halafu ingia eCitizen, jaza, lipa, chapisha fomu. Utahitaji mtu anayekufahamu, asiye jamaa yako, akuthibitishie. Siku ya miadi beba vyeti halisi, usibebe nakala peke yake.

12/ Uko nayo tayari? Angalia inaisha lini. Nchi nyingi zinataka iwe imebakisha angalau miezi 6. Pasipoti inayoisha Machi inaweza kukufanya urudishwe kwenye kaunta ya ndege Desemba, ukiwa na tiketi na masanduku.

13/ Kama unahitaji viza ya Schengen, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, kwa hivyo sindano ya jana haikusaidii leo. Tiketi isiyorudishwa pesa nunua mwisho.

14/ Na kama unaenda Uganda au Rwanda, tangu 2014 kitambulisho cha Kenya kinatosha.

15/ Yangu nilipata baadaye, iko kabatini pale pale cheti kilikuwa. Sina safari bado. Wewe uliomba lini, na ulingoja siku ngapi? Andika mwezi na siku hapa chini, tuhesabu pamoja. Majina ya vyama tuyaache nje.