Samaki wetu wa ziwa: joto na mwangaza mu sanduku la kioo



Wengi wenu mumeona lile sanduku la kioo mu chumba cha biolojia, na munatuuliza: "Mbona samaki wamebaki watatu tu?" Sisi wa kundi la biolojia tunataka kujibu bila kuficha kitu, ili makosa yetu yafundishe wengine.

Samaki wale walitoka Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira. Wanakaa kati ya mawe, na jina lao la sayansi ni Neolamprologus brichardi. Ziwa lile ni kubwa sana, kilindi chake kinafika karibu metre 1.470. Kwa hiyo maji yake hayageuki upesi: kule juu yanabaki karibu degre 24 mpaka 28 mwaka mzima. Lakini sanduku letu linashika lita 100 tu, na shule yetu iko mlimani. Usiku mmoja wa kiangazi maji yalishuka mpaka degre 19.

Basi tulifanya nini? Mmoja wetu alileta sufuria ya maji ya moto, akaimwanga yote mara moja. Asubui tulikuta samaki wane wamekufa. Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Mwili wake unafuata maji. Baridi ilimchosha, lakini kugeuka kwa gafula ndiko kulimmaliza. Tena maji ya moto yanashika hewa kidogo: kule pwani ya bahari, lita moja ya degre 20 inashika karibu miligramu 9 za oksijeni, kwa degre 30 ni 7,5 tu. Huku mlimani ni chini zaidi.

Kosa la pili: tuliacha taa ikiwaka usiku kucha ili ipashe maji. Umeme ulipokatika, baridi ilirudi palepale. Na kioo kikageuka rangi ya majani, juu mimea midogo ya maji inakula mwangaza. Samaki nao walikosa usiku wao, wakajificha mu mawe bila kula. Hapo tulielewa kwamba kazi ya taa ni kuleta mchana, hapana kupasha maji.

Sasa tunafanya hivi:

1. Sanduku liko mbali na dirisha, jua lisilipige.

2. Usiku tunazungusha blanketi ya zamani pande tatu, na ubao juu, tukiacha nafasi ya hewa.

3. Maji yakishuka, tunatia ndani bidoni ya lita 2 yenye maji ya degre 80, imefungwa vizuri. Mufanye hesabu ya fizika: kama sanduku liko na degre 22, bidoni inaleta 2 × 58 = 116, ukigawanya kwa lita 100 ni degre 1 na kidogo. Inapanda polepole, samaki hashituki.

4. Taa inawaka toka saa 2 ya asubui mpaka saa 12 ya jioni, basi.

5. Tunasoma termometre asubui na magaribi, na kuandika.

Majuma sita yamepita, hakuna samaki mwingine aliyekufa. Daftari iko pembeni ya sanduku. Ukipita, soma degre, uandike. Lakini sufuria, tafazali, uiache jikoni!

Kundi la Biolojia