Nuru na Kivuli: Kazi ya Mpiga Picha wa Sinema

Watu wakitoka sinema huulizana maswali mawili: nani kacheza, na nani kaimba? Tangu utotoni mwangu sijamsikia hata mmoja akiuliza: je, nani kapiga picha? Ilhali bila ya mtu huyo tusingaliona uso wala chozi. Leo, msomaji mpenzi, nataka nimpe haki yake, na nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa na shangazi yangu, Mola amrehemu, aliyekaa Mji wa Kale, Mombasa. Tenzi alizihifadhi kifuani, akizighani alasiri huku akishona kofia kando ya dirisha. Mwaka 1994 niliazima kamera ya video, nikamwomba nimpige picha akighani. Alikubali kwa sharti moja, kwamba picha ile waione jamaa peke yao. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikafunga dirisha, nikasimamisha taa kubwa kando ya kamera, nikaielekeza usoni mwake. Akaniambia, "Mwanangu, hilo jua lako laniumiza mato." Nikamwomba avumilie kidogo.

Alivumilia. Miaka miwili baadaye akafariki. Kanda ile ninayo hadi leo, na sauti imetoka vizuri. Lakini uso umepauka kama ukuta wa chokaa, macho yamefumbwa nusu, na chumba chote nyuma yake ni giza tupu. Mikono iliyokuwa ikishona haionekani. Aliyemo mle si shangazi yangu. Ni mtu anayesumbuliwa na taa. Majuto ni mjukuu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikidadisi: hao waijuao nuru, huifanyaje?

Asili ya kazi yao si ngeni kwetu. Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu alikuwa akifunga madirisha adhuhuri kwa ajili ya joto. Ubao wa dirisha moja ulikuwa na tundu la msumari. Siku moja tukaona juu ya ukuta mweupe watu wa njiani wakipita kichwa chini, miguu juu, pamoja na mkokoteni wa maji. Tukapiga makelele, tukidhani ni mashetani. Mwalimu akatutuliza, akasema nuru imeumbwa iende moja kwa moja, haijui kupinda. Basi ile itokayo kichwani hupenya tunduni ikatua chini ya ukuta, na ile ya miguuni ikatua juu.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hilo lilichunguzwa zamani na Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Cairo yapata 1040. Yeye alipanga taa kadha mbele ya tundu, na upande wa pili, penye giza, akaona madoa ya nuru kwa idadi ya taa zile. Akiifunika taa moja, doa lake peke yake hutoweka, mengine yakabaki. Akajua kwamba nuru nyingi zaweza kupita mlango mmoja zisichanganyike. Kitabu chake, Kitab al-Manazir, kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa huko Basel.

Hapa sharti niseme kweli. Wako wenzetu wanaodai kwamba neno "kamera" latokana na Kiarabu. Sivyo. Ni neno la Kilatini, maana yake chumba. Lakini utukufu wa Ibn al-Haytham hauhitaji kutiliwa chumvi.

Chumba kile cha giza kilipunguzwa kikawa sanduku, likatiwa lenzi, kisha filamu. Tarehe 28 Disemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu wa Paris picha zinazokwenda, kwa kiingilio. Sanduku lao lilizungushwa kwa mkono, likipiga picha yapata 16 kwa kila nukta, na sanduku lilo hilo ndilo lililozionyesha. Haikutimia hata mwaka mmoja. Tarehe 7 Julai 1896 picha zao zilikwisha fika Bombay.

Na Bara Hindi ndiko walikotokea mabwana wawili ninaotaka uwajue, kwani filamu za huko ndizo zilizotulea sisi watu wa Pwani.

Wa kwanza ni Subrata Mitra wa Calcutta. Alipoanza kumpigia picha mwelekezi Satyajit Ray mwaka 1952 alikuwa kijana wa miaka kama 21, hajapata kushika kamera ya sinema. Katika filamu yao ya pili, Aparajito ya mwaka 1956, palitakiwa nyumba ya mji wa Benares yenye ua wa ndani ulio wazi juu, mfano wa nyumba zetu za mawe. Kwa kuhofia mvua, ua ule ulijengwa ndani ya studio. Mitra alipinga: nuru ya uani hutoka mbinguni, ni tulivu, haina kivuli kikali, taa za studio zitaiigaje? Aliposhindwa katika hoja, alitandaza kitambaa cheupe juu ya ua ule mahali pa mbingu, akazielekeza taa kwenye kitambaa badala ya nyuso. Nuru ikagonga kitambaa, ikarudi chini imepoa. Ukiitazama filamu ile utadhani kuna anga juu yao.

Kitambaa cheupe! Na mimi nyumbani kwa shangazi nilikuwa na mashuka tele.

Wa pili ni V. K. Murthy, mpiga picha wa Guru Dutt. Mwaka 1959 walitengeneza Kaagaz Ke Phool, yaani maua ya karatasi, filamu ya kwanza ya Kihindi kwa pazia pana la CinemaScope. Ndani yake mna mwelekezi na mchezaji, Waheeda Rehman, wapendanao na wasioweza kuwa pamoja. Wamesimama mbalimbali katika studio tupu, na mwali mmoja wa nuru umeshuka kutoka juu, vumbi likielea ndani yake. Mwali ule si wa taa. Murthy alilikinga jua la nje kwa kioo kikubwa, akalirusha kwenye kioo cha pili kilichowekwa juu, nacho kikalimwaga ndani. Pande zote zilizobaki akaziachia giza. Hapo ndipo utakapojua kwamba kivuli ni nusu ya kazi, kama vile katika shairi lile asilolitaja mtunzi lilivyo nusu ya maana.

Filamu ile haikupata watu, na Guru Dutt hakuandika tena jina lake kuwa mwelekezi hadi alipofariki mwaka 1964. Leo yahesabiwa miongoni mwa filamu bora za Kihindi. Murthy naye alipewa tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka 2008, mpiga picha wa kwanza kuipata. Alifariki mwaka 2014.

Siku hizi kila kijana ana kamera ndani ya simu yake, na wazee wetu waliohifadhi tenzi wanapungua. Enyi vijana, wapigeni picha, kwa idhini yao. Lakini kwanza keti nao. Tazama nuru yaingilia wapi chumbani, na saa ngapi. Mzee mwache akae akaapo siku zote, afanye kazi yake ya siku zote. Ikiwa nuru haitoshi, tundika shuka jeupe upande wa pili wa dirisha, liirudishe. Na mzee akikwambia taa inamuumiza macho, izime.