Ndui Iliisha, Kazi Haikuisha

Wenzangu wa zahanati wameazimia kunifanyia karamu. Nimetimiza miaka 20 ya kuchanja watoto hapa Bura ya Fafi, upande wa mashariki wa Mto Tana. Mbuzi amekwisha patikana, na wali wa nazi utapikwa, maana wanajua mimi ni mtu wa pwani. Nimekubali, lakini kwa sharti moja: kabla ya kula wanisikilize habari za marehemu Ali Maow Maalin.

Ali alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977, akiwa kijana wa miaka 23, alipanda gari lililochukua wagonjwa wa ndui ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa fupi mno. Kwa bahati mbaya Ali hakuwa amechanjwa, kwani aliogopa maumivu ya sindano. Wiki mbili hivi baadaye akatoka vipele. Alipona, naye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa maambukizo ya kawaida. Mwezi wa Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ulimwengu mzima umesalimika na ndui.

Hapo mtu angeweza kukaa kitako na kujivunia jina. Ali hakufanya hivyo. Miaka ya baadaye alijitolea katika kampeni ya polio, akawaeleza akina mama jinsi woga wa chanjo ulivyomponza yeye mwenyewe. Somalia ikakaa miaka kadhaa bila ya polio. Mwaka 2013 virusi vikarudi, vikavuka mpaka hata Dadaab, na Kenya ikapata wagonjwa 14 mwaka huo. Ali akaingia tena kazini. Katikati ya kazi hiyo akashikwa na malaria, na tarehe 22 Julai 2013 akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ndugu msomaji, usidhani nakataza furaha. Furaha ni namna ya kushukuru, na kijana anayetembea juani akiwa na sanduku la barafu begani anahitaji kuambiwa kuwa jasho lake limeonekana. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilipotangazwa kuwa haina tena polio ya asili, ilikuwa haki yetu kushangilia.

Lakini mwaka 2023 polio ya aina nyingine ikazuka katika kambi ya Hagadera, hapa hapa Fafi. Hiyo hutokana na virusi dhaifu vya chanjo vinapozunguka muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa, hata vikabadilika na kupata nguvu. Na kwetu watoto kama hao ni rahisi kukosekana. Leo mama yuko Bura na mbuzi wake, mwezi ujao malisho yamempeleka mbali, na matone ya pili hayakumfikia mwanawe.

Mama wa namna hiyo huniuliza, "Mlisema ugonjwa umekwisha, mbona mwarudi tena?" Ni swali la haki. Mimi humjibu kwamba ugonjwa ulifukuzwa na mama waliofungua mlango kila tulipobisha, na siku milango itakapofungwa, utarudi bila ya kubisha hodi.