"Amina" tuliyoandika bila kusoma

Kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Manika aliandika kwenye Facebook, usiku kwa usiku, kwamba amechoka, Bwana amuchukue. Chini yake sisi tuliandika "Amina" na "Mungu ni mwema". Wachungaji vilevile. Shangazi yake ndiye aliyekuja kutuuliza: "Baba Mchungaji, muliona maneno ya mtoto, mukanyamaza?"

Kuna mashine zinazofundishwa kuona maneno kama hayo. Mashine haijui huzuni ni nini. Inapewa maandishi ya watu wengi, imeonyeshwa nani aliugua huzuni nzito na nani hapana, kisha inatafuta tofauti: maneno, saa za kuandika, watu anaojibizana nao. Mwaka 2013 watafiti wa Microsoft walifanya hivyo kwa maandishi ya Twitter. Waliougua walizungumza na wenzao kidogo, maneno yao yalijaa uchungu, na, jambo lililotushtua, walimtaja Mungu na dini zaidi. Yale tuliyoyaita imani yenye moto yanaweza kuwa kilio.

Mwaka 2017 Facebook ilieneza chombo cha namna hiyo: kikishuku hatari, kinamwita mfanyakazi asome. Katika Umoja wa Ulaya hakikuwekwa, kwa sababu ya sheria za kulinda siri za watu. Lakini mashine iliyojifunza Kiingereza itaelewa nini mtu wa Kolwezi akiandika "niko na mawazo mingi"? Kwetu hayo si fikra tu, ni mzigo unaomunyima mtu usingizi. Na anayeandika "nakufa" kwa kicheko, itamuita mgonjwa.

Wengine kanisani walisema ni pepo, tufunge siku tatu kwanza. Eliya naye aliomba kufa (1 Wafalme 19), na malaika alimupa mkate na maji. Basi tulifunga tukiwa ndani ya basi, tukimpeleka Lubumbashi, karibu kilometa 300, kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Wanakwaya wawili walibaki naye.

Ameturuhusu kuandika haya bila jina. Siku hizi anaandika mara chache. Tukiona neno lake la usiku, asubuhi tunamupigia simu, naye anaanza kwa kutucheka.