Trakta inalegea mlimani? Angalieni vantilateri

Asubuhi trakta ndogo inavuta vizuri, kisha saa moja ya kazi inalegea kwenye mlima. Wengi wanalaumu moteri. Sisi tunaomba muanzie chini, kama trakta yenu ni ya pedali, isiyobadilishwa vitesi. Bwati yake inasukuma magurudumu kwa nguvu ya mafuta. Mafuta yakipata moto sana yanakuwa mepesi, nguvu inapotea, na pampu ya ndani inakwaruzika. Pampu ikikufa, koperative inaweza kukosa msimu mzima, na yote sababu ya kipande cha plastiki!

Zimeni moteri, toeni ufunguo, ngojeni bwati ipoe. Ondoeni majani na udongo vilivyoganda juu yake. Bawa hata moja la vantilateri likivunjika, badilisheni vantilateri nzima. Msiunge kwa gundi, wala msikate bawa la upande wa pili ili zilingane, vile tunaona mafundi fulani wanafanya: ikitetemeka, mpira unaozuia mafuta unaharibika. Mbele ya kutoa ile ya zamani, wekeni alama upande unaotazama nje. Mpya ikigeuzwa, upepo unapungua. Kisha pimeni mafuta.