Uigaji wa Mwendo wa Hewa Wodini: Namna ya Kuandika Faili la Maelekezo Lisilopotosha

Utangulizi

Kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa. Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu ambaye hajaanza dawa hutoa chembechembe ndogo mno zenye vimelea anapokohoa, anapopiga chafya na hata anapozungumza. Chembechembe hizo huweza kuelea ndani ya chumba kwa saa kadhaa, na yeyote avutaye hewa ya chumba hicho yumo hatarini: mgonjwa wa kitanda cha jirani, muuguzi wa zamu ya usiku, na ndugu aliyekuja kuleta uji. Kwa sababu hiyo, kuuliza hewa ya wodi hutoka wapi na huelekea wapi ni jambo la tiba, kama ilivyo kuuliza kipimo cha dawa.

Katika ukanda wa pwani ya kaskazini, kuanzia Pangani kupitia Tanga hadi Mkinga, swali hili lina jibu linalobadilika. Kaskazi huvuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu na kutawala miezi ya katikati ya mwaka. Katika siku moja pia upepo hugeuka: mchana hutoka baharini, usiku hutulia, na alfajiri umande huvuma kutoka bara. Wodi inayopata hewa tele alasiri ya Januari yaweza kuwa na hewa iliyotuama usiku wa manane wa mwezi huohuo.

Siku hizi tunaweza kuuchunguza mwendo huo wa hewa kwa kompyuta kabla ya kubomoa ukuta au kubadilisha dirisha. Makala haya yanaeleza kazi hiyo hufanywaje, na kwa nini sehemu yake inayodharauliwa kuliko zote, yaani faili la maelekezo, ndiyo inayoamua kama jibu litamlinda mgonjwa au litampotosha mhudumu.

Uigaji wa giligili ni nini?

Giligili ni chochote kinachotiririka, kiwe hewa, maji au damu. Kanuni za mwendo wake zimejulikana tangu karne ya 19, lakini milinganyo yake ni migumu mno kukokotolewa kwa mkono katika chumba chenye vitanda, mapazia na madirisha. Kompyuta hukigawa chumba katika visehemu vidogo vingi, mara nyingi mamilioni, kisha hukokotoa kasi na shinikizo la hewa katika kila kisehemu, hatua kwa hatua.

Miongoni mwa programu zitumikazo sana ni OpenFOAM. Chimbuko lake ni Chuo cha Imperial jijini London mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2004 ilitolewa kuwa programu huria. Mtu yeyote anaruhusiwa kuipakua bila malipo, kuisoma ndani na kuirekebisha. Kwa hospitali za mikoa na vyuo vyetu, ambavyo haviwezi kulipia leseni za gharama kubwa kila mwaka, uhuru huo ni fursa ya kweli.

Hata hivyo, programu hii haimwongozi mtumiaji kwa vitufe na picha. Huendeshwa kwa mafaili ya maandishi yaliyopangwa katika mafolda matatu. La kwanza, liitwalo 0, hueleza hali ya mwanzo na hali ya mipakani: upepo unaingia kwa kasi gani, na kupitia dirisha lipi. La pili, constant, huhifadhi sifa za giligili pamoja na umbo la chumba. La tatu, system, huamuru hesabu iendeshwe kwa muda gani, kwa hatua zipi na kwa njia zipi. Mafaili haya ni mfano wa cheti cha dawa: mfamasia hutoa kilichoandikwa, si kile ambacho daktari alikuwa nacho moyoni.

Makosa manne yanayojificha

Kosa la kwanza ni la vipimo. OpenFOAM hudai kila kiasi kiandikwe pamoja na vipimo vyake, na mtu akijaribu kujumlisha kasi na shinikizo, hesabu husimama mara moja. Ulinzi huu ni mzuri, lakini hautoshi. Umbo la chumba au la mshipa wa damu mara nyingi huletwa katika faili la aina ya STL, ambalo halitaji kipimo chochote. Picha za CT hupimwa kwa milimita, ilhali hesabu hufanywa kwa mita. Mtu akisahau kugawa kwa 1000, mshipa wa moyo wenye upana wa milimita 4 husomwa kuwa bomba la mita 4. Kompyuta haitalalamika. Itatoa picha zenye rangi za kupendeza, na zote zitakuwa batili.

Shinikizo nalo lina mtego wake. Kwa giligili isiyobanika, programu hii huandika shinikizo likiwa limekwisha kugawanywa kwa densiti. Densiti ya damu ni takribani kilo 1060 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo tofauti ya shinikizo inayosomeka 1 katika majibu ni paskali 1060, sawa na takribani milimita 8 za zebaki. Daktari asiyelijua hilo anaweza kuona namba ndogo akadhani mshipa hauna tatizo.

Kosa la pili ni kurudia namba moja mahali pengi. Tuseme kasi ya upepo dirishani imeandikwa mita 1 kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo chanzo cha namba nyingine, ikiwemo nishati ya msukosuko wa hewa inayoingia. Kwa msukosuko wa asilimia 5, nishati hiyo ni 0.00375. Mtafiti akibadilisha kasi kuwa mita 3 ili kuiga kusi kali, nishati inapaswa kupanda mara tisa na kufikia 0.03375. Akiisahau, hesabu itaendelea ikiwa na upepo wa msimu mmoja na msukosuko wa msimu mwingine.

Kosa la tatu ni la tahajia. Neno la lazima likikosekana, programu husimama na kueleza kasoro. Lakini neno la hiari likikosewa herufi moja, huachwa kimya, na thamani ya kawaida iliyowekwa na watunzi hutumika badala yake. Mtumiaji huamini ameagiza jambo ambalo halikutekelezwa.

Kosa la nne ni kutoweka kumbukumbu. Faili hubadilishwa usiku, matokeo huwasilishwa asubuhi, na baada ya miezi sita hakuna awezaye kusema ni maelekezo yapi yaliyozaa mchoro ulio katika ripoti.

Namna bora ya kuandika

Tiba ya kosa la pili imo ndani ya programu yenyewe. Faili la maelekezo linaruhusu thamani ipewe jina, na namba nyingine zikokotolewe kutokana na jina hilo. Majina huchaguliwa na mwandishi, kwa hiyo hakuna kinachozuia yawe ya Kiswahili:

kasi 1.0;
ukali 0.05;
nishati #calc "1.5 * $kasi * $kasi * $ukali * $ukali";

Mistari hii mitatu huwekwa katika faili moja la vigezo, na mafaili mengine huagizwa kulisoma kwa amri ya #include. Atakayebadilisha kasi ataibadilisha mahali pamoja tu, na yote yanayoitegemea yatafuata. Zaidi ya hapo, muuguzi mkuu au fundi wa majengo anaweza kulisoma faili hilo na kusema, "Hapana, dirisha la mashariki halifunguki kiasi hicho." Maoni ya namna hiyo yana thamani kuliko kompyuta yenye nguvu.

Faida huonekana zaidi hali zinapokuwa nyingi. Tukitaka kuchunguza kasi tatu za upepo, pande nane za dira, na madirisha yakiwa wazi au yamefungwa nusu, tunapata hali 48. Kunakili mafolda 48 kwa mkono ni kualika makosa. Njia salama ni kutunga kielelezo kimoja, kisha skripti fupi iyajaze mafolda yote kutoka katika orodha ya vigezo. Kila folda libaki na nakala ya vigezo vyake, na mabadiliko yahifadhiwe kwa programu ya kumbukumbu kama Git, ili ijulikane nani alibadilisha nini na lini.

Tahadhari moja ni ya lazima. Amri kama #calc hugeuzwa kuwa programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako. Kwa hiyo usiendeshe faili ulilopewa na usiyemjua kabla ya kulisoma lote, hasa katika kompyuta yenye taarifa za wagonjwa.

Nidhamu hii si ngeni kwetu. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na Dakta Karel Styblo alikuwa mshauri wake mashuhuri. Miongoni mwa nguzo zake ilikuwa rejesta ya aina moja kwa kila wilaya, iliyoonyesha kila mgonjwa alianza lini na aliishia wapi. Mafunzo ya Tanzania yalisaidia kujenga mkakati uliokuja kutumika duniani kote. Rejesta ilifaa kwa sababu kila mtu aliijaza kwa namna moja na yeyote aliweza kuikagua. Faili la maelekezo linastahili heshima ileile.

Mfano wa kukagua kwa mkono

Jibu la kompyuta lisikubaliwe kabla ya kulinganishwa na hesabu nyepesi. Tuchukue wodi ya kubuni yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 210. Wamelazwa wagonjwa 10. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu upitishaji hewa wa asili unapendekeza wastani wa lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida, na lita 160 katika vyumba vya kuwatenga wenye maradhi ya hewa. Kwa wodi yetu, lita 60 kwa kila mmoja ni sawa na hewa yote kubadilishwa takribani mara 10 kwa saa.

Mwongozo huohuo unatoa kanuni ya makadirio kwa chumba chenye nafasi wazi pande mbili zinazoelekeana: zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo, kisha kwa eneo la nafasi iliyo ndogo zaidi. Ikiwa eneo hilo ni mita za mraba 2 na upepo ni mita 1 kwa sekunde, tunapata lita 1300 kwa sekunde, yaani lita 130 kwa kila mgonjwa. Upepo ukipungua hadi mita 0.3 kwa sekunde, kama utulivu wa usiku, kila mgonjwa hubakiwa na lita 39. Wodi ileile imevuka kiwango mchana na kushindwa usiku.

Uigaji ukitoa jibu lililo mbali sana na makadirio haya, faili likaguliwe kwanza. Mhakiki pia athibitishe kwamba hewa inayoingia inalingana na inayotoka, na arudie hesabu kwa visehemu vidogo zaidi aone kama jibu linabaki palepale.

Ushahidi wa majengo halisi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Escombe na wenzake ulipima vyumba 70 katika hospitali nane za Lima, Peru, kwa kutumia gesi ya kabonidayoksaidi. Madirisha na milango vilipofunguliwa, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa kwa kipimo cha kati. Majengo ya kale yenye dari ndefu na madirisha makubwa yalifikia mara 40, huku ya kisasa yakifikia 17 tu. Vyumba vyenye mitambo vilikadiriwa kwa kiwango kilichopendekezwa cha mara 12.

Matokeo hayo yanatuhusu. Tanga ina majengo ya zamani yenye kuta nene, baraza pana na madirisha marefu, likiwemo jengo la hospitali la enzi ya Wajerumani huko Bombo, linaloitazama bahari. Tunapokarabati na kuweka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma kando, tukumbuke kwamba dirisha la namna hiyo hufunguka nusu tu. Wavu wa mbu nao, ingawa ni wa lazima kwetu, hupunguza hewa, hasa ukishika vumbi. Mambo haya mawili yasipoandikwa katika faili la maelekezo, kompyuta itaiga wodi ambayo haipo.

Mhudumu na mgonjwa wafanye nini?

Mhudumu hahitaji kujua kuandika programu ili achangie. Apime kwa utepe eneo ambalo kila dirisha hufunguka kweli. Aandike ni madirisha yapi hufungwa usiku, saa ngapi na kwa sababu gani: mvua, baridi, mbu au wizi. Aoshe nyavu zilizoshika vumbi. Atakapoletewa mchoro wa uigaji, aulize maswali matatu: vigezo viko wapi, nani alivikagua, na je, jibu lililinganishwa na kipimo cha wodini?

Mgonjwa naye afunike mdomo anapokohoa, asione haya kuomba dirisha lifunguliwe, na akikohoa kwa wiki mbili au zaidi afike kituoni kupimwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na mgonjwa anayezimeza ipasavyo hupungukiwa haraka na uwezo wa kuambukiza. Hewa safi haichukui nafasi ya dawa. Huwalinda wengine wakati dawa inafanya kazi yake.

Hitimisho

Programu huria imetupatia chombo ambacho zamani kilikuwa cha matajiri pekee. Lakini chombo hicho hutii maandishi. Faili lenye vigezo vilivyopewa majina yanayoeleweka, vipimo vilivyohakikiwa na kumbukumbu inayokaguliwa linaweza kuonyesha ni dirisha lipi lisifungwe usiku katika wodi fulani ya Tanga. Faili lililoandikwa kwa haraka litatoa picha nzuri vilevile, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa wanaolala chini ya dirisha hilo hawana njia ya kujua tofauti.