Barua Itanguliayo Tikiti

Katika Birere, mtaa wa Goma ambao aghalabu hupata khabari za Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, upesi kuliko zile za Kinshasa, hapana jambo lienealo kwa haraka kama uvumi wa tamasha. Walakini uvumi, hata ukiwa wa kweli, mara nyingi humfikia msikilizaji tikiti zikiwa zimekwisha. Desturi ya kununua tikiti mkono kwa mkono ilitufaa sana katika Tamasha la Amani, lililoanza Februari 2014 kwenye uwanja wa Collège Mwanga, kwa kuwa kiingilio chake kiliwekwa chini kwa makusudi, ili kijana asukumaye chukudu, baiskeli ya mbao, asimame bega kwa bega na mfanyakazi wa shirika. Hali si hiyo kwa mtu atakaye kwenda BK Arena ya Kigali, jengo lililofunguliwa mwaka 2019 lenye nafasi ya watu 10,000 hivi, ambamo Kendrick Lamar aliimba Disemba 2023 na John Legend Februari 2025: huko viti hutangazwa na kuuzwa katika intaneti, wala havizidi kwa kumsihi bawabu mlangoni.

Arifa ya baruapepe ni kitu chepesi kueleza. Mtu huandikisha anwani yake kwa muuza tikiti, kwa ukumbi, au kwa msanii mwenyewe, na mtambo wa muuzaji, mara onyesho jipya linapotiwa daftarini, humpelekea kila aliyejiandikisha barua. Zipo pia huduma kama Bandsintown na Songkick, zisizomiliki ukumbi wowote, ambazo kazi yao ni kufuatilia safari za wasanii na kumjulisha mtu pindi ampendaye akaribiapo mji wake. Naye mkazi wa Goma, kadiri huduma inavyoruhusu, asitaje Goma peke yake bali aongeze Kigali, Kampala na Nairobi, ama sivyo atangoja sana.

Faida kubwa, hata hivyo, haimo katika tangazo la kwanza. Imo katika barua ya pili, ambayo wasanii na kumbi nyingi huwapelekea waliojiandikisha siku moja au mbili kabla ya mauzo ya umma, ikiwa na neno la siri la kufungulia mauzo ya awali. Tarehe 15 Novemba 2022, mauzo ya awali ya Taylor Swift yalipofunguliwa Marekani, watu zaidi ya milioni 3 walikuwa wamejiandikisha kwa Ticketmaster. Tikiti zaidi ya milioni 2 zilikwenda kwa siku moja, mitambo ikaelemewa, na mauzo ya umma yaliyokuwa yafuate yakafutwa kabisa. Wengi wa waliojiandikisha waliambulia patupu, na hilo tusilifiche. Lakini ambaye hakujiandikisha alikuwa na nafasi finyu zaidi. Aidha, aliyekosa asifanye haraka kujiondoa katika orodha. Fally Ipupa alipotangaza onyesho lake la Stade de France la Mei 2, 2026, tikiti zikaisha, siku ya pili ikaongezwa, Mei 3. Na viti vinavyozuiwa kwa ajili ya jukwaa na mitambo hufunguliwa mara nyingine siku chache kabla ya onyesho, pasipo kelele yoyote ila barua fupi.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe, maana huko ndiko arifa nyingi zinakofia. Simu ya Android hudai anwani ndipo duka lake la programu lifunguke, na kwa sababu hiyo wengi wetu tunazo anwani za Gmail tulizofunguliwa na kijana aliyetuuzia simu, ambazo tangu siku ile hatukuzisoma, na nywila zake alibaki nazo yeye. Sharti la kwanza ni kuirudisha nywila hiyo mikononi mwa mwenyewe. La pili ni kujua kwamba Gmail huzitenga barua za namna hii katika kisanduku cha matangazo, ambako simu haizipigii kengele. Mwenye busara huihamishia barua ya kwanza kisanduku kikuu, akamwandika mtumaji katika majina yake, na kuizuia simu isiifunge programu ya barua kwa kisingizio cha kubana betri. Mega za intaneti nazo zisiwe za kuungaunga siku ya mauzo.

Saa ndizo huwaangusha hata werevu. Goma ni sawa na Kigali mwaka mzima, iko saa moja mbele ya Kinshasa na saa moja nyuma ya Nairobi, ilhali Paris huwa sawa nasi wakati wa joto lao na hurudi nyuma saa moja wakati wa baridi. Basi mauzo yaliyoandikwa 10:00 Paris mwezi wa Januari kwetu ni saa tano asubuhi, na yale ya 10:00 Nairobi ni saa tatu.

Kuhusu malipo, mabenki ya mji yalipofunga milango Januari 2025, kadi ya benki ikawa tegemeo dhaifu, bali wakazi wengi wa Birere hubeba laini ya simu ya Rwanda pamoja na ya Kongo, wakaweza kulipa kwa simu. Na laini hiyo itiwe fedha tangu siku moja kabla ya mauzo, maana viti havimngoji mtu aliye njiani kwenda kwa wakala.

Mimi naipenda baruapepe kuliko picha zizungukazo katika WhatsApp kwa sababu moja tu: ina anwani ya mtumaji inayochunguzika. Matapeli huiga nembo na rangi, lakini maneno yafuatayo alama ya @ yakitofautiana na jina la muuzaji, hata kwa herufi moja, usibonyeze kitu. Na barua ikionekana halali, ni salama zaidi kuandika mwenyewe anwani ya muuzaji kuliko kufuata kiungo.

Na aendaye Kigali aulize Petite Barrière, kivuko cha mpaka baina ya Goma na Gisenyi, saa ya kufungwa mpaka kabla hajalipa, kwa kuwa onyesho huisha usiku, safari ya kurudi ni kilomita 150 na zaidi, na malazi ya Gisenyi hayamo katika bei ya tikiti.